London hadi Berlin kwa treni: hesabu tiketi, usihesabu treni

Hakuna treni ya moja kwa moja kati ya London na Berlin. Njia ya kawaida ina treni tatu: Eurostar kutoka stesheni ya St Pancras hadi Brussels, kama saa mbili; ICE, treni ya kasi ya Wajerumani, hadi Cologne, pungufu kidogo ya saa mbili; halafu ICE nyingine hadi Berlin, saa nne na nusu hivi. Ukijumlisha muda wa kuunganisha, tenga saa kumi au kumi na moja. Ukitoka asubuhi, usiku unalala Berlin.

Watu huogopa idadi ya treni. Hatari yenyewe ipo pale tiketi moja inapoishia na nyingine kuanza. Ndani ya tiketi moja, treni ikichelewa ukakosa inayofuata, shirika ndilo linalotafuta jinsi ya kukufikisha. Kati ya tiketi mbili, hasara inaweza kuwa yako.

Karatasi kwanza. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anayeishi Uingereza kwa kawaida anahitaji viza ya Schengen, hata kama ana ukaazi wa kudumu. Kama siku nyingi utakaa Ujerumani, ombi lipeleke kwa Wajerumani. Ubelgiji unapita tu. Pasipoti yako inakaguliwa na maofisa wa Ufaransa palepale St Pancras kabla hujapanda, kwa hiyo kuingia kwako Schengen kunahesabiwa tangu hapo. Anayetoka Berlin na kibali cha ukaazi cha Ujerumani naye anahitaji viza ya Uingereza, na maofisa wa Uingereza watamkagua Brussels. Beba pasipoti halisi, usitegemee kopi wala picha ya simu: tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na polisi wanaweza kuingia behewani mnapofika Aachen, mji wa Ujerumani ulio mpakani.

Sasa tiketi. Eurostar nunua peke yake. Kutoka Brussels hadi Berlin nunua tiketi moja kwenye tovuti au programu ya reli ya Ujerumani, DB, na hakikisha treni ya Brussels–Cologne ni ICE. Kwenye njia hiyohiyo zinapita pia Eurostar nyekundu, ambazo zamani ziliitwa Thalys. Ukizichukua kwa tiketi ya pembeni umejiongezea kiungo cha pili dhaifu, tena kwa hiari yako. Ukifuata njia ya ICE unabaki na tiketi mbili na kiungo kimoja cha kuchunga: Brussels.

Tovuti ya DB itakupa dakika chache tu Cologne, pengine kumi. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni hazina shida. Kwa mama mwenye masanduku mawili na mtoto, ni balaa. Tafuta sehemu iliyoandikwa „Zwischenhalt“ (kituo cha njiani), andika Köln Hbf, yaani stesheni kuu ya Cologne kwa Kijerumani, weka muda wa kusimama saa moja, kisha utafute upya. Tiketi inabaki moja, na unapata nafasi ya kupumua. Soma pia jina la stesheni kwa makini: Köln Hbf na Köln Messe/Deutz ni stesheni mbili, zinatazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto Rhine. Brussels ni kinyume chake: Bruxelles-Midi na Brussel-Zuid ni stesheni moja yenye majina ya lugha mbili.

Tiketi za bei nafuu za DB, zinazoitwa Sparpreis, zinakufunga kwenye treni uliyochagua. Kifungo hicho kinaondoka ikiwa ucheleweshaji wa reli utakufikisha mwisho wa safari ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi. Hapo unaweza kupanda nyingine. Ukichelewa kufika kwa dakika 60 unadai robo ya nauli, kwa dakika 120 unadai nusu. Tiketi usiifute kwenye simu mpaka pesa zirudi.

Ukienda Berlin, acha angalau saa moja Brussels kati ya Eurostar na ICE. Eurostar ikichelewa, omba uthibitisho wa maandishi kwa wahudumu wake, kisha nenda kwenye dawati la reli kabla hujapanda kitu kingine chochote. Mashirika mengi ya reli ya Ulaya yana makubaliano yaitwayo AJC ya kumpandisha msafiri wa namna hiyo treni inayofuata bila kulipa tena. Huo ni ustaarabu kati yao, si haki ya kudai kwa ukali, na hausaidii aliyejiachia dakika 15.

Kurudi ndiko kugumu. Lango la Eurostar hufungwa dakika 30 kabla ya treni kuondoka, na kabla yake kuna mashine ya mizigo na foleni za pasipoti. ICE nazo huchelewa, tena sana kuliko sifa ya Wajerumani inavyodai. Acha saa tatu Brussels, na usikate Eurostar ya mwisho ya siku.

Mizigo: Eurostar inaruhusu masanduku mawili, urefu usiozidi sentimita 85 kila moja, na begi dogo la mkononi. Chakula cha kumpelekea shangazi ni habari nyingine: nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kutoka Uingereza. Mandazi ya maji na chapati hazina neno. Sambusa za nyama ziache au uzimalize London. Tangu Aprili 2025 Uingereza nayo imezuia abiria kuleta nyama ya ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe, pamoja na maziwa, kutoka nchi za Umoja.

Ukimpigia mwenyeji wako, usiseme tu „nafika saa tatu“. Mswahili ataelewa saa 21:00, mwanawe aliyezaliwa Berlin ataelewa 15:00, na Berlin yenyewe iko saa moja mbele ya London. Mtumie tarakimu za kwenye tiketi.

Na siku ya kurudi, angalia namba ya behewa kabla ya kukaa. ICE nyingi za kutoka Berlin hukatwa vipande viwili Hamm, mji ulio njiani: kimoja huenda Cologne kupitia Wuppertal, kingine hushika njia ya Düsseldorf. Ukisikia tangazo „umgekehrte Wagenreihung“, mabehewa yamegeuzwa, na lako liko upande wa pili wa jukwaa. Ukigundua tayari umeketi kwenye kipande kisicho chako, kondakta ndiye wa kumuuliza, na muulize kabla ya Hamm.