Kusanifu seti ya gari la zimamoto: ngazi kwanza, sura baadaye

Gari la kuchezea linaweza kupendeza rafuni na bado likamchosha mtoto kwa dakika tano, kwa sababu ngazi yake ni pambo tu. Linaweza pia kuwa na ngazi inayopanda na kuzunguka, huku lenyewe likibaki sanduku jekundu lililojaa vinundu, vile vidutu vya juu vya matofali. Mara nyingi chanzo cha kasoro zote mbili ni mpangilio wa kazi: msanifu hujenga umbo la nje mpaka limridhishe, ndipo atafute pa kupenyeza giya, na nafasi haipo. Mwongozo huu unaanza na mtambo, kisha unauvisha ngozi. Mfano wetu ni gari la upana wa vinundu 6 na urefu wa vinundu 18, lenye vipande 260 hivi, kwa mfumo wa LEGO.

Hatua ya 1: Kariri vipimo vitano

Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Tofali lina kimo cha milimita 9.6 na bamba milimita 3.2, kwa hiyo mabamba matatu ni tofali moja. Kigae, ambacho ni bamba lisilo na vinundu juu, kina unene huohuo wa 3.2. Ukuta uliosimama wa kona ya L, ile yenye vinundu ubavuni, una milimita 1.6. Na mabamba matano yakipandana yanatoa milimita 16, sawasawa na upana wa vinundu viwili. Hicho cha mwisho ndicho kitakachokuokoa mara mbili hapa chini.

Hatua ya 2: Amua mambo ya kucheza, yasizidi matatu

Kwa gari hili: ngazi inapanda na kubaki ilipoachwa, ngazi inazunguka, na kisanamu (mtu mdogo wa LEGO) kinaingia kwenye kabini. Ukiongeza la nne, kwa mfano bomba la kukunja kwa winchi, litapigania nafasi ileile ya nyuma ya gari na yote mawili yatakuwa dhaifu.

Gawa vipande kabla ya kuanza: chasisi 50, mtambo wa ngazi 35, kabini 40, mwili wa nje 120, vifaa vidogo 15. Mtambo ukivuka 45, punguza kwenye mtambo wenyewe. Usiibe kwenye chasisi, maana hiyo ndiyo inayobeba kila kitu.

Hatua ya 3: Jenga mtambo wa ngazi peke yake, mezani

Chukua sahani ya kuzunguka ya 4×4. Panga mabamba pembeni mwake, ukiacha eneo la 2×2 katikati wazi. Mabamba hayo si ya urembo. Tundu la tofali lenye matundu liko milimita 5.8 tu kutoka chini yake, na vinundu vya sahani vinakula 1.7 kati ya hizo. Usipoinua kuta kwa bamba moja, giya ya skrubu, ile yenye uzi kama wa skrubu, itasugua vinundu kila inapozungushwa, na utaisikia ikikwaruza.

Kila upande weka tofali la 1×4 lenye matundu matatu. Mbele na nyuma, katikati ya kuta hizo mbili, weka tofali la 1×2 lenye tundu moja. Ndani imebaki nafasi ya 2×2, na giya ya skrubu yenye urefu wa vinundu viwili inaenea barabara. Pitisha ekseli ya urefu wa vinundu 6 kutoka nyuma hadi mbele: bushi (pete inayobana ekseli) mbele ili isichomoke, kishikio cha kuzungushia nyuma.

Sasa weka mabamba mawili ya 1×4 juu ya kila ukuta wa pembeni, kisha tofali jingine la 1×4 lenye matundu. Tofali moja na mabamba mawili ni milimita 16 kati ya tundu la chini na la juu. Umbali huo ndio giya ya skrubu na giya ya meno 24 zinaouhitaji ili zishikane bila kubana. Giya ya meno 24 ikae katikati ya ekseli ya pili, pia ya urefu wa 6, na bushi nusu kila upande: nusu, moja, nusu, nafasi ya vinundu viwili imejaa. Ncha za ekseli zinatokeza kinundu kimoja nje ya kila ukuta, na hapo ndipo mikono ya ngazi inashika.

Giya ya skrubu husogeza jino moja kwa kila mzunguko. Kwa meno 24, ngazi ikipanda digrii 60 ni mizunguko 4 kamili, kazi anayoimudu mtoto bila kuchoka. Giya ya meno 8 ingemaliza kwa mzunguko mmoja na theluthi, ngazi ikiruka ghafla. Ya meno 40 ingetaka milimita 24 kati ya ekseli na mizunguko karibu 7, na kuta zingepanda mno. Uzuri mwingine wa giya ya skrubu ni kwamba ngazi haiwezi kuirudisha nyuma, hivyo ukiiachia inabaki pale pale.

Lakini uimara huohuo ndio unaovunja mitambo. Mtoto hatazungusha kishikio kila mara. Atakamata ngazi na kuisukuma chini. Giya haikubali, basi ekseli inajikunja au kuta zinabanduka. Kwa hiyo tumia giya ya meno 24 ya klachi, iliyoandikwa 2.5–5.0 Ncm (newton-sentimita), ambayo huteleza nguvu ikizidi. Kiwango chake cha chini ni sawa na takriban gramu 2550 mara milimita. Ngazi ya vinundu 16 ni milimita 128. Ikiwa na gramu 30, uzito wake uko katikati, milimita 64, na zao lake ni 1920. Kisanamu cha gramu 3 kwenye ncha kinaongeza 384. Jumla ni 2304, inabebeka. Ngazi ya gramu 40 ingefika 2944, na ingeteleza yenyewe ikiwa imelala. Ipime ngazi kwenye mizani ya jikoni kabla ya kuipamba.

Kasoro moja hujitokeza baada ya kuzungusha mara thelathini hivi: tofali la juu linaanza kuachana na mabamba. Lifunge kwa ufito wa matundu 3 uliosimama nje ya ukuta, pini moja kwenye tundu la chini na nyingine kwenye la juu. Zile milimita 16 zinarudi: ni umbali uleule wa tundu la kwanza na la tatu la ufito. Tumia matundu ya nyuma, kwa sababu mkono wa ngazi unapita mbele.

Hatua ya 4: Chasisi na uzito

Weka kitovu cha sahani vinundu 5 kutoka mwisho wa nyuma. Ngazi ikilala itavuka pua ya gari kwa vinundu 3, kama ilivyo kwa magari mengi halisi ya aina hii.

Geuza ngazi ubavuni na gari litataka kupinduka. Tairi zinagusa sakafu kama milimita 20 kutoka mstari wa katikati. Ngazi ya gramu 30 ina uzito wake milimita 44 nje ya hapo (1320), kisanamu milimita 108 nje (324). Gawanya 1644 kwa 20: gari bila ngazi lihitaji zaidi ya gramu 82 ili tu lisianguke. Lenga 130 au zaidi. Tofali la 2×4 lina gramu 2.3 hivi, kwa hiyo matofali kumi yaliyofichwa chini ya sakafu yanaongeza 23.

Hatua ya 5: Kabini

Katika upana wa 6, kuta zikichukua kinundu kimoja kila upande, ndani zinabaki 4. Usijaribu kukalisha visanamu viwili bega kwa bega, mikono inagongana. Magari ya Speed Champions, seti za LEGO za magari ya kasi, yalihama kutoka upana wa 6 kwenda 8 mwaka 2020, na ndipo abiria alipopata kiti kando ya dereva. Hapa dereva mmoja katikati anatosha, na pima kimo cha paa akiwa amevaa kofia yake.

Paa lishikwe na vinundu vinne tu, viwili kila upande, na kwingine kote vigae. Likishikwa na kumi, mtoto atang'oa kabini nzima. Acha angalau milimita 3.2 kati ya paa na ngazi iliyolala. Hapa sura inaingilia mchezo: kila msanifu anataka vimulimuli vya buluu juu ya paa, na ngazi inavikumba inapozunguka. Vipachike kwenye uso wa mbele wa paa, vikitazama barabara, vimo vyake visizidi paa.

Hatua ya 6: Ngozi ya nje

Jenga kiini cha mwili kwa upana wa 4, kisha kila ubavu uongeze kinundu kimoja, milimita 8. Mabamba mawili yaliyosimama wima ni 6.4: yanapungua. Matatu ni 9.6: yanazidi na kukwama kwenye matao ya tairi. Kona ya L ya 1.6, bamba la 3.2 na kigae cha 3.2 vinatimiza 8 kamili. Ubavu unatoka laini, na kimo chake kitalingana na matofali ya jirani pale tu paneli itakapokuwa na upana wa vinundu 2 kwa kila mabamba 5, au 4 kwa 10. Ukichagua 3, utabaki na ufa wa nusu bamba.

Giya ya ngazi itachomoza karibu milimita 9 juu ya kuta zake. Iache ionekane. Mtoto anajifunza kwa kuitazama ikizunguka, na kuifunika kunagharimu vipande ambavyo vingependezesha ubavu zaidi.

Hatua ya 7: Programu, kisha mkono

Studio, programu ya kompyuta ya kusanifu kwa vipande vya LEGO, itakuonyesha vipande vinavyogongana na rangi zinazopatikana. Haitakuambia kwamba ngazi ni nzito au paa linabana, kwa hiyo jenga kwa vipande halisi, hata vya rangi mchanganyiko. Inua gari kwa mkono mmoja ukilishika katikati ya mwili, mahali mtoto atakaposhika. Paneli ikibaki mkononi, iongezee kona moja ya L. Zungusha kishikio mara mia. Sukuma ngazi chini kwa kidole mara kumi na usikilize klachi ikiteleza.

Vipande vidogo vya mfumo huu vinaingia vyote kwenye mcheduara wa kupimia wa kipenyo cha milimita 31.7, kwa hiyo seti isiwafikie watoto wa chini ya miaka 3. Ndani ya mwili tumia rangi tofauti kwa kila tabaka, hata kama hazitaonekana: anayejenga akikosea bamba la Hatua ya 3, ataligundua hapo hapo badala ya kubomoa gari zima.