Jinsi ya kufunga vifaa vya kujinasua ndani ya gari ya porini bila kumaliza hela

Watu wengi wakishanunua sepeto, jeki ndefu, mkanda wa kuvutia na shakeli (kile chuma cha umbo la U chenye pini cha kuunganishia mkanda) wanavirusha buti, wanafunga mlango, safari. Alafu siku gari imelala kwenye tope mpaka chesisi ndo wanaanza kushusha majerikeni na mabegi kutafuta sepeto ambalo liko chini kabisa ya kila kitu. Na hapo bado ni afadhali, shida yenyewe ni gari ikigonga au ikipinduka. Jeki ndefu ya inchi 48 ina kama kilo 13 hivi, sasa gari iliyokuwa spidi 50 ikisimama ndani ya nusu mita hiyo jeki inataka kwenda mbele kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 250 na ushee, na mbele yake kuna vichwa vya watu wako. Kimpira cha kufungia mizigo hakizuii kitu hapo.

Kwa hiyo kabla hujashika drili, toa vifaa vyote uviweke chini uviangalie. Vipange kwa jinsi utakavyovihitaji, usivipange kwa ukubwa. Mtungi wa kuzimia moto na kisu cha kukatia mkanda wa siti vinakaa mbele, pale dereva anapofikia akiwa bado amefunga mkanda, hilo halina mjadala. Glovu, sepeto na kipimo cha upepo ndo vya kwanza ukishakwama, maana mara nyingi kuchimba kidogo na kupunguza upepo kwenye matairi kunatosha, kwa hiyo viwe juu au pembeni karibu na mlango. Mkanda, shakeli na puli (gurudumu la kupitishia kamba ya kuvutia) vinafuata. Jeki ni ya mwisho kwa matumizi ila ndo nzito kuliko vyote, basi ikae chini kabisa, nyuma ya siti ya nyuma, imelala kukata gari kutoka upande mmoja hadi mwingine, siti yenyewe iwe ukuta mbele yake.

Mlango wa nyuma unavutia kwa sababu una nafasi, lakini usiutegemee kwa kila kitu. Vitu vizito vinachosha bawaba, na gari ikizama kwa nyuma mlango unaweza kugoma kufunguka na sepeto lako liko huko huko. Pia usifunge kitu chochote kwenye nguzo za pembeni au ukingo wa paa kama gari ina eabegi za pazia (mifuko ya hewa inayoshuka pembeni ya vioo ajali ikitokea), zile zinapasuka kutokea hapo hapo.

Sasa tuje kwenye kuokoa hela. Sehemu nzuri kuliko zote za kufungia tayari unazo, ni matobo ya bolti yaliyotoka kiwandani. Kama umetoa siti za safu ya tatu, yale matobo yaliyobaki sakafuni yana nati iliyochomelewa kwenye chuma chenyewe, hakuna mtu atakutengenezea kitu imara kama hicho kwa bei rahisi. Vile vishikio vya kufungia mizigo sakafuni navyo vina bolti chini yake. Chukua bolti moja ya zamani nenda nayo dukani ukalinganishe uzi (ile mikato inayozunguka bolti), usikisie, maana bolti za mikanda ya siti kwenye gari nyingi ni za uzi wa inchi na si wa milimita, ukilazimisha unaharibu nati ambayo huwezi kuifikia tena. Bolti ya mkanda ambao mtu bado anautumia, iache kabisa.

Juu ya matobo hayo unalaza kipande cha plaiwudi ya milimita 18, hata ya mabaki, ilimradi haijavimba kwa maji. Kata ifuate umbo la sakafu (tumia boksi la karatasi kwanza kama kiolezo, ni bure), piga msasa, paka vanishi mpaka kwenye kingo. Hiyo sasa ndo meza yako, kila kitu kinafungwa kwenye mbao na mbao inafungwa kwenye gari, ukitaka kuhamisha sepeto mwakani hutoboi bodi ya gari tena.

Kama lazima utoboe sakafu, ingia chini ya gari kwanza, na tochi. Angalia tangi la mafuta, paipu za breki, nyaya. Funga kipande cha tepu kwenye biti ya drili sentimita 2 kutoka kwenye ncha, tepu ikigusa chuma unaacha, basi. Ukimaliza futa vumbi la chuma, paka praima na rangi ndani ya tobo lenyewe, siku bolti inaingia zungushia silikoni, la sivyo kutu itaanzia hapo na hutaiona. Kwa chini weka bamba la chuma la sentimita 5 kwa 5 lenye unene wa milimita 3, washa (kipete cha chuma cha chini ya nati) ndogo peke yake inapasua bati la sakafu ikivutwa kwa nguvu. Mabamba unayapata kwenye vyuma chakavu vya fundi wa kuchomelea. Bolti na nati ndo sehemu ya kutobana hela, nunua mpya, milimita 8 zilizogongwa 8.8 kichwani (ni alama ya uimara), na nati zile zenye pete ya nailoni ndani zisilegee kwa mtikisiko.

Jeki ishikwe na klempu mbili za ekzosi, moja kila mwisho, kati ya chuma na klempu zungusha mpira wa tyubu ya zamani, kelele zinaisha. Mpini wake ufunge ubanane na mlingoti (kile chuma kirefu cha jeki) usichezecheze. Sepeto linakaa vizuri kwenye kipande cha bomba la PVC upande wa mpini, na mkanda wa racheti unabana karibu na bapa. Bapa lielekee chini au kwenye ukuta, sio kwa abiria. Shakeli zisitupwe kwenye droo zikagongana, zipitishe kwenye kishikio cha sakafuni ufunge pini. Mkanda wa kuvutia uweke kwenye mfuko wa wavu unaopitisha hewa, kwa kuwa nailoni ikiwa na maji inapungua nguvu na mchanga ukiganda ndani unakata nyuzi.

Ukishafunga, shika kila kifaa kwa mikono miwili uvute kwa nguvu zako zote mbele, juu na pembeni. Kikisogea, rudia. Kisha pakia gari kama ya safari kamili na mabegi yote, subiri giza, ujaribu kutoa sepeto na mkanda bila tochi na bila kushusha begi hata moja. Ikishindikana hamisha kifaa, sio begi, maana mabegi yatarudi pale pale kila safari. Baada ya barabara mbovu ya kwanza pitia nati zote na spana, kwa sababu mbao inabonyea kidogo chini ya washa na nati iliyokuwa imekaza inabaki na nafasi.