Kiongozi, Sema Mwisho

Kikao ambacho kila mtu ameitikia "sawa, bosi" mapema hunitia wasiwasi kuliko chenye mabishano. Ninapoongoza, nagawa vikaratasi kabla mtu hajafungua mdomo: kila mmoja aandike uamuzi wake na sababu moja inayoweza kuuangusha. Navikusanya bila majina, navisoma kwa sauti. Hapo hoja ya yule mgeni kazini, ambaye asingethubutu kumpinga meneja, inapata uzito sawa na za wengine.

Mwenye cheo aseme mwisho. Akitangulia, wengine watafuata upepo. Bora hata atoke: Rais wa Marekani John F. Kennedy, baada ya uvamizi alioidhinisha wa Ghuba ya Nguruwe, huko Kuba, kushindwa mwaka 1961, hakuhudhuria baadhi ya vikao vya washauri wake wakati wa mgogoro wa makombora ya Kisovieti yaliyowekwa Kuba mwaka 1962, ili wajadiliane kwa uhuru.

Mpe mtu kazi ya kupinga, na umbadilishe kila kikao. Akiwa yuleyule siku zote, watu huacha kumsikiliza.

Uamuzi mkubwa usubiri kesho. Uliza, "Nani amebadili mawazo?" kisha nyamaza kweli. Atakayejitokeza mshukuru mbele ya wote, na hoja yake iingie kwenye muhtasari wa kikao.