Alta na baja: ujue unachotia saini Hispania

Ukitafuta kwenye kamusi ya simu utaambiwa "alta" ni ndefu au ya juu, na "baja" ni fupi au ya chini. Ni kweli, lakini karatasi za kazini na hospitalini hazisemi habari za urefu. Humo maneno haya mawili ndiyo yanayoshika mshahara na mafao yako, na kwa maoni yangu mgeni ayajue haya kwanza, sarufi itafuata.

"Dar de alta" ni kuandikisha. Mwajiri anatakiwa akuandikishe kwenye Seguridad Social, yaani hifadhi ya jamii, kabla hujaanza kazi, hata kama uko kwenye majaribio. Akikuambia tayari, hakikisha mwenyewe: omba hati iitwayo "vida laboral", inatolewa bure, nayo huonyesha kila mwajiri na siku alizokuandikisha. Siku hizo ni akiba yako. Fao la kukosa kazi hutaka uwe umechangia angalau siku 360 katika miaka 6 iliyopita. Fao hilo watu huliita "paro", na paro ni ukosefu wa kazi wenyewe pia.

Hospitalini sikiliza vizuri: "dar el alta" ni daktari kukuruhusu urudi nyumbani, au urudi kazini ukishapona.

Sasa baja, na hapa ndipo penye hatari. "Estar de baja" ni kuwa na ruhusa ya ugonjwa, na kazi yako bado ipo. Tangu Aprili 2023 hulazimiki hata kumpelekea mwajiri karatasi ya daktari, taarifa zinakwenda kwa mtandao. Lakini "baja voluntaria" ni kuacha kazi kwa hiari yako. Mtu anaumwa, anawekewa karatasi mezani, anaona neno baja, anatia saini akidhani anaombewa mapumziko. Kumbe ameacha kazi, na paro hapati. Ukiona "voluntaria", usisaini papo hapo, hata wakikuharakisha. Omba nakala, ipeleke ikasomwe na mtu unayemwamini au kwenye chama cha wafanyakazi. Vyama vya CCOO na UGT vina ofisi katika miji mikubwa. Na kama umefukuzwa ("despido"), kwenye karatasi ya malipo ya mwisho andika "no conforme" na tarehe kando ya saini yako. Una siku 20 za kazi za kupinga, zisipotee kwa kulalamika nyumbani.

Baja nyingine iko kwenye ofisi ya manispaa. Kama si raia wa Umoja wa Ulaya na huna ukaaji wa muda mrefu, jina lako kwenye "padrón", daftari la wakazi, huhuishwa kila miaka 2. Usipohuisha wanakufuta, nako kufutwa huko pia ni "baja". Padrón ndiyo ushahidi wa miaka uliyoishi hapa utakapoomba kibali, kwa hiyo weka tarehe hiyo kwenye simu leo.