Kutia klorini kwenye tangi la maji ya kisima

Maji ya kisima cha Kisauni au Likoni, Mombasa, yanaweza kung'aa na bado yakakulaza. Visima vyetu viko kwenye mwamba wa matumbawe wenye vitundu, na choo cha shimo huwa hakiko mbali. Klorini inaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini dozi unayotia ni makadirio tu. Kinachokulinda ni klorini iliyobaki baada ya nusu saa.

Hatua ya 1: Osha tangi. Maji ya tope yaache yatulie au yachuje, maana uchafu hula klorini kabla vijidudu havijaguswa.

Hatua ya 2: Piga hesabu. Anza na miligramu 2 kwa lita. Tangi la lita 1,000 litataka gramu 2 za klorini halisi. Kwa unga wa klorini wa asilimia 65, gawanya 2 kwa 0.65: karibu gramu 3. Tumia mizani ndogo, kijiko kinadanganya. Kwa dawa ya kufulia ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, tia mililita 57. Chupa iliyopigwa na jua dukani imeshapoteza nguvu, iache.

Hatua ya 3: Jaza maji kwenye ndoo ya plastiki kisha utie unga, usimwagie unga maji. Koroga, acha chokaa ishuke, mimina maji ya juu tangini. Usikaribishe kabisa asidi ya kuoshea choo: itatoka gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua.

Hatua ya 4: Ngoja dakika 30. Ndani ya maji klorini inakuwa asidi ya haipoklorasi (HOCl) na ioni ya haipokloraiti (OCl⁻). HOCl ndiyo yenye makali. pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikiwa karibu 7.5 zinagawana nusu kwa nusu. Ikipanda, HOCl inapungua. Kwa hiyo pH ikipita 8, ongeza muda wa kungoja.

Hatua ya 5: Pima, na hapa usiwe na haraka. Tia kidonge cha DPD namba 1 (dawa ya kupimia klorini) kwenye sampuli ya maji, usome rangi ya pinki papo hapo. Unataka miligramu 0.5 kwa lita za klorini huru, yaani isiyoshikana na kitu kingine. Ukikosa, ongeza dozi, ngoja, pima tena.

Wengi wakisikia harufu kali hupunguza dawa. Mara nyingi harufu hiyo ni ya kloramini, klorini iliyoshikana na amonia, na nguvu yake ni ndogo. Ongeza kidonge namba 3 kwenye sampuli ileile: pinki ikikolea sana, amonia ipo. Maji hayo yanataka klorini zaidi, na kisima kikaguliwe, huenda choo kinavujia humo.

Chumvi haitoki kwa klorini. Anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakula pesa zako.

Kesho yake pima kwenye bomba la mbali kabisa na tangi. Klorini huru ikishuka chini ya miligramu 0.2 kwa lita, tia tena kabla watu hawajateka.