Anza na kilio, shukrani itafuata

Ukiwa katika kipindi kigumu, usijilazimishe kuanza sala na "asante Bwana" wakati rohoni kunawaka moto. Fungua Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu, na katika miwili ya kwanza mwandishi anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne. Analalamika waziwazi, na bado anamaliza kwa kuimba.

Isome kwa sauti, kisha taja shida yako kama ilivyo: deni, ugonjwa, ndoa. Ndipo ushukuru jambo moja la leo, tena kwa undani. "Asante kwa uzima" tumeizoea mno, inatoka mdomoni tu. Sema, "Asante kwa yule dada aliyekaa nami kwenye benchi nikisubiri majibu ya vipimo." Ukiweza, mtumie na yeye ujumbe.

Siku usiyoona cha kushukuru, soma zaburi ulale. Hakuna dhambi hapo. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani Filipi, lakini kumbuka walikuwa wawili. Ukikwama, mpigie mwenzako asome, wewe usikilize.