Mazda MX-5 ya zamani Lubumbashi: kazi za kiangazi, kazi za mvua

Mwongozo huu ni wa mwenye MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya taa zinazoinuka, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1997. Nauandikia anayeshika spana mwenyewe na pia anayesimama karibu na fundi wake akifuata kila kinachofanyika. Kwetu Lubumbashi gari hili huja zaidi kwa jina lake la Japan, Eunos Roadster, likiwa na usukani wa kulia. Hushushwa Dar es Salaam, hupita Zambia, na kuingilia mpakani Kasumbalesa.

Gari la michezo la umri huu halihitaji muujiza. Linahitaji mwenyewe awahi. Piese (spea) zake hazipo kwenye maduka ya mitaa yetu ya Kenya wala Kamalondo kama zilivyo za Corolla. Ukingoja kitu kivunjike ndipo uagize, gari litalala wiki nyingi, na gari linalolala linaharibika zaidi kuliko linalotembea. Kwa hiyo mimi naigawa kazi kwa misimu yetu miwili: kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ni wakati wa kufungua moteri (injini), mwisho wa kiangazi ni wakati wa kulitayarisha gari kwa mvua.

Hatua ya kwanza: soma namba ya chasi kabla hujatoa hata dola moja

Kwenye gari la Japan, chasi inayoanza na NA6CE ni ya moteri ya 1.6, na NA8C ni ya 1.8, iliyoanza 1993. Usimwambie muuzaji "nataka piesi ya MX-5" ukadhani inatosha. Mpe namba nzima.

Kama una 1.6 ya miaka ya mwanzo, kuna jambo moja zaidi. Magari ya 1989 hadi 1991 hivi yana krankishafti yenye pua fupi, na pua hiyo ina udhaifu: ufunguo unaoshika puli ya mbele hulegea, halafu hula chuma kilichouzunguka. Utaitambua kwa puli yenyewe. Yenye nafasi nne ni ya pua fupi, yenye nafasi nane ni ya pua ndefu. Washa moteri, simama mbele, tazama puli ikizunguka. Ikiyumba, zima, na usiendeshe tena mpaka ifunguliwe. Boli ya puli hiyo ifungwe kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari, kamwe isifungwe kwa bomba refu na nguvu za mabega.

Kisha agiza vitu vya kuweka nyumbani: mkanda wa taimingi, pampu ya maji, themostati na gasketi yake, kifuniko cha radiateri, mipira yote ya maji, seti ya buji (plagi za kuwashia moto) na nyaya zake, seti ya mipira ya silinda ndogo ya klachi, na oringi (pete ya mpira) ya sensa ya kamshafti. Hiyo ya mwisho ni kitu kidogo tu, lakini soma hatua ya nne uone kwa nini nimeitaja.

Hatua ya pili: joto

Hapa ndipo MX-5 nyingi hufia, basi tutulie kidogo.

Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Kwenye kimo hiki maji ndani ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Themostati ya gari hili huanza kufunguka karibu na nyuzi 88. Maana yake, kama kifuniko cha radiateri hakishiki presha, una nyuzi nane tu kati ya moteri inayofanya kazi yake vizuri na moteri inayochemsha. Kifuniko kizima, kilichoandikwa 0.9, hupandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Kitu cha bei ndogo kabisa kwenye gari ndicho kinacholinda juani ya kulasi, ile gasketi iliyo kati ya kichwa cha moteri na bloku. Kibadilishe hata kama kinaonekana kizuri. Mpira wake ukikauka huwezi kujua kwa macho.

Sasa itazame radiateri. Sehemu yake ya juu ni ya plastiki, na ikiwa mpya huwa nyeusi. Ikianza kugeuka kahawia, plastiki imechoka na itapasuka, mara nyingi mbali na nyumbani. Usingoje itoe hata tone. Radiateri ya kahawia ni radiateri ya kuagiza leo.

Kubadilisha maji fanya hivi. Moteri iwe baridi kabisa. Fungua kizibo cha chini, mwaga, suuza mpaka maji yatoke meupe. Jaza mchanganyiko wa antijeli (dawa ya kuzuia maji kuganda) na maji, nusu kwa nusu. Mfumo mzima unachukua lita sita hivi. Usitumie maji ya bomba wala ya kisima. Nunua maji yaliyochujwa, yale ya kuongezea kwenye batri, na uhakikishe chupa si ya asidi. Wapo watakaokuambia kwamba hapa hakuna barafu, hivyo antijeli ni kupoteza pesa. Si kweli. Kazi yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu ndani ya kichwa cha aluminiamu na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Kutoa hewa ndiko kunakosahauliwa. Egesha gari pua ikiwa juu, kwenye mteremko au juu ya ngazi za mbao. Weka kitufe cha hita kwenye joto la mwisho. Washa moteri kifuniko kikiwa wazi, acha ipate joto, ongeza maji kadiri yanavyoshuka, mpaka mapovu yaishe. Ndipo ufunge. Hewa iliyobaki nyuma ya kichwa cha moteri inachoma sehemu ambayo mshale wa dashibodi hauioni.

Ukiwa hapo, shika kila mpira wa maji kwa vidole, hasa ile miwili midogo ya hita inayojificha nyuma ya moteri. Mgumu kama mti, au laini kupita kiasi, toa.

Hatua ya tatu: mkanda wa taimingi

Kilomita 100,000, au kama hujui ulibadilishwa lini, sasa. Kwenye moteri hizi mkanda ukikatika vali hazigongi pistoni, kwa hiyo moteri haifi; gari linasimama tu pale lilipo. Lakini kusimama usiku kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, katikati ya malori ya shaba, si jambo la kulipuuza. Ukifungua, badilisha pamoja na pampu ya maji, rola zote mbili, na sili za mbele za kamshafti na krankishafti. Kazi ya kufika pale ni ileile, haifai kuirudia kwa sababu ya sili moja.

Hatua ya nne: mafuta yanayodondoka nyuma ya moteri

Utaona tone la mafuta pale moteri inapokutana na gia. Fundi atainama, atatazama, atasema sili ya nyuma ya krankishafti imekwisha, gia lazima ishuke. Hiyo ni kazi ya siku nzima au zaidi, na pesa nyingi.

Kabla hujakubali, mwombe akupe taa. Nyuma ya kichwa cha moteri, karibu na ukuta wa kabini, kuna sensa ya mviringo inayosoma mzunguko wa kamshafti. Ndani yake kuna ile oringi. Kwa umri huu huwa imekauka, mafuta yanapita, yanateremka kwenye bloku na kudondokea mahali palepale ambapo sili ya krankishafti ingedondokea. Pitisha kidole chini ya sensa. Kikitoka na mafuta, umempata mwizi.

Safisha pale kwa esansi (petroli) kidogo, moteri ikiwa baridi. Kisha kwa kitu chenye ncha chora mstari mmoja unaopita juu ya sensa na juu ya kichwa cha moteri, ili uirudishe kwenye pembe ileile. Ukiigeuza umebadilisha taimingi ya moto. Fungua boli yake moja ya 12, chomoa plagi ya umeme, vuta. Toa oringi ya zamani, paka mpya mafuta ya moteri, rudisha, linganisha mstari, funga. Mikono inabanwa pale nyuma na ngozi ya vidole itachubuka, lakini hakuna ugumu mwingine. Subiri siku chache za kuendesha, tazama tena. Kama bado inadondoka, sasa zungumzeni habari ya gia.

Kuhusu kelele ya tik-tik-tik juu ya moteri asubuhi: ni vikombe vya haidroliki vya vali vinavyongoja mafuta. Ikinyamaza moteri ikipata joto, usifungue kitu. Mafuta safi ya 10W-40 na kiwango sahihi kwenye kijiti ndiyo dawa yake. Vidanje, yaani kumwaga mafuta ya moteri na kuweka mapya, mimi naifanya kila kilomita 5,000, kwa sababu ya vumbi letu na safari fupi za mjini. Inaingia karibu lita tatu na nusu. Jaza polepole ukisoma kijiti.

Hatua ya tano: vumbi na esansi

Vumbi jekundu la Agosti linaziba filta ya hewa mapema kuliko kitabu kinavyosema. Ifungue kila mwezi wa kiangazi. Baki na filta ya karatasi. Zile za pamba zenye mafuta, zikipakwa zaidi ya kiasi, hupeleka mafuta kwenye kipimo cha hewa cha 1.6, na vumbi linaganda humo. Tayari kimo chetu kinakula karibu sehemu moja ya nane ya nguvu za moteri. Usiongeze hasara kwa filta iliyoziba.

Esansi nunua stesheni. Ya kwenye chupa za kadhafi, wauzaji wa barabarani, inaweza kuwa na maji au mafuta ya taa, na sindano za moteri hii hazisamehi. Filta ya esansi iko chini ya gari upande wa nyuma. Kabla ya kuifungua, chomoa relei ya pampu moteri ikiwa inawaka, iache izimike yenyewe, presha iishe. Na usivute sigara.

Hatua ya sita: kabla jakaranda hazijamaliza kudondoka

Jakaranda zetu huchanua Septemba na Oktoba, na maua hudondoka wakati uleule mvua inapokaribia. Kwa mwenye gari la hema, yaani paa la kukunja, hiyo ni kengele. Maji yanayoteremka kwenye hema huingia kwenye mfereji nyuma ya viti, kisha kwenye mirija miwili, mmoja kila upande, na kutokea chini ya gari mbele ya gurudumu la nyuma. Mirija ikizibwa na maua na udongo, maji hujaa ndani ya kizingiti cha mlango. Huoni kitu. Kapeti inaanza kunuka, na miaka miwili baadaye chuma kinatoboka kutoka ndani.

Inua hema nusu, tafuta tundu la kila mrija karibu na nguzo za mikanda ya usalama. Pitisha utepe mwembamba wa plastiki, laini, usio na ncha. Waya mgumu utatoboa mrija na kuleta balaa uliyokuwa unaikimbia. Halafu mimina maji kidogo kwa chupa huku mtu akitazama chini. Yatoke kwa haraka, pande zote mbili sawa. Kama upande mmoja unasitasita, rudia.

Dirisha la nyuma ni la plastiki. Lifungue zipu kila mara kabla ya kukunja hema, na asubuhi za baridi za Juni na Julai usilikunje hata kidogo mpaka jua lilipashe. Likiwa baridi linapasuka.

Mvua ya kwanza ikileta moteri inayokatakata, shuku nyaya za buji kabla ya kitu kingine. Weka mpya, na buji mpya zenye mwanya wa milimita 1 hadi 1.1.

Hatua ya saba: batri na taa

Batri iko kwenye buti. Ya asili ni iliyofungwa kabisa. Ukiweka ya kawaida, lazima iwe na mrija wa kutolea mvuke nje, la sivyo asidi itakula chuma cha buti.

Taa za gari lililotengenezwa kwa Japan huelekeza mwanga kushoto, na sisi tunaendesha kulia, kwa hiyo unampofusha anayekuja mbele yako. Kwa bahati njema ni taa za duara za inchi saba, kipimo kilekile cha Land Rover Defender. Tafuta jozi ya H4 iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia. Tafadhali fanya hivyo kabla ya safari ya usiku.

Hatua ya nane: matairi, breki, jeki

Kipimo ni 185/60 R14, upepo 1.8 bar. Ukinunua ya okazi (yaliyokwisha kutumika), soma tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Zaidi ya miaka sita, acha. Mwambie kwado, fundi wa matairi, aweke jeki kwenye alama za kizingiti tu. Sakafu ya gari hili inabonyea. Mafuta ya breki na ya klachi badilisha kila miaka miwili, yanafyonza unyevu.

Hatua ya tisa: safari ya kupima

Kazi ikiisha, nenda Likasi na kurudi, mchana. Ni karibu kilomita 120 kwenda, inatosha kuonyesha kila kilichofungwa vibaya. Kwa usukani wa kulia huoni mbele ya lori mpaka umeshatoka nje ya mstari, basi kaa mbali nyuma yake, au mpeleke mtu kiti cha kushoto awe macho yako. Jua mshale wa joto wa gari lako hukaa wapi siku zote; ukisogea hata kidogo juu ya hapo, simama.

Ukirudi, kaza nati za magurudumu kati ya 90 na 120 Nm, tazama chini kama kuna tone jipya. Kesho yake asubuhi, moteri ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha radiateri, jaza kilichopungua, na uandike kwenye daftari ni kiasi gani.